Kuuza ndege ya mtumba: shida si injini, ni daftari

Nimepotea kidogo kwa sababu nilikuwa nauza ndege. Ndiyo, ndege. Msicheke, mimi mwenyewe napanda matatu ya Buruburu kama nyinyi.

Iko hivi. Jirani yangu hapa mtaani ni fundi wa ndege mstaafu, amekaa Wilson zaidi ya miaka 30. Mwaka jana watu wanne wanaomiliki Cessna 172 kwa pamoja walimwomba awatafutie mnunuzi, apate kamisheni. Karo ya binti yake wa mwisho ilikuwa inangoja hiyo kamisheni. Akaja kwangu: "Kijana wangu, si wewe ndiye wa kompyuta? Nitengenezee ukurasa." Nikaona ni kazi ya jioni moja. Picha, bei, namba ya simu, basi.

Kumbe!

Kampuni ya Cessna ilianza kuuza 172 mwaka 1956, ikasimamisha mwaka 1986, ikarudia mwaka 1996. Kwa hiyo nyingi zilizoko sokoni zimemzidi umri anayezinunua. Yetu ni ya 1976. Gari la umri huo ungelipima kwa kilo, lakini ndege huhesabiwa pia kwa saa za kuruka. Injini yake ni Lycoming O-320, na mtengenezaji anashauri ifanyiwe ovahoo ikifika saa 2,000, au miaka 12 kama saa hizo hazijafika. Chukua ndege mbili zinazofanana mpaka rangi, moja injini ina saa 200, nyingine 1,900. Bei haziwezi kukaribiana, na kwa macho huoni tofauti yoyote. Tofauti iko kwenye daftari.

Na daftari ni karatasi, kwa mwandiko wa mkono. Mzee aliyaleta yote kwenye mfuko wa plastiki, ya bodi, ya injini na ya pangaboi, nikaanza kuyaingiza kwenye kompyuta. Usiku wa pili jumla zikakataa kuungana. Daftari moja linaisha, lingine linaanza miaka mitatu baadaye. La katikati halipo. Mmiliki mmoja anasema lilibaki kwa waliowauzia, mwingine anasema lililowa maji.

Mzee alinyamaza sana. Kisha akasema, "Ndege hii naijua. Iko sawa." Mimi namwamini. Lakini mnunuzi hamjui mzee.

Mmoja wa wamiliki alinipigia simu akitaka niandike "makaratasi kamili". Nilimwambia mzee aamue yeye, maana karo ni yake. Akasema andika pengo lilivyo. Nikaandika.

Simu zikaja, nyingi za watalii wa bei. Mmoja aliuliza kama inabeba miraa hadi Mogadishu. Ndege ya viti vinne! Mnunuzi wa kweli alikuwa mmoja. Alisoma kuhusu pengo, akataka theluthi ya bei iondolewe. Wamiliki wakakataa, akaenda.

Mchumi George Akerlof aliandika mwaka 1970 kuhusu magari ya mtumba: mnunuzi asiyeweza kutofautisha zuri na bovu hulipa bei ya bovu, na mwenye zuri huondoka sokoni. Kwa magari sisi tumepunguza tatizo hilo kidogo. Kwenye mfumo wa NTSA unalipa ada ndogo, unajua mwenye gari ni nani na kama lina deni. Kwa ndege upo mkataba wa Cape Town wa mwaka 2001, wenye rejista ya kimataifa, lakini unahusu ndege za kubeba watu wanane au zaidi, au mizigo ya zaidi ya kilo 2,750. Caravan inaingia. Ya mzee haimo. Marekani kwa dola 10 unaagiza rekodi za ndege yoyote iliyosajiliwa kwao, pamoja na fomu za matengenezo makubwa. Dola 10 tu, jamani.

Msije na blokucheni, tafadhali. Ninachotaka ni kitu cha kishamba kabisa: fundi akisaini ukurasa, nakala ibaki mahali pengine siku hiyo hiyo, mahali ambapo mmiliki hawezi kuigusa. Najua wapo wasiotaka. Mwenye injini ya saa 1,900 ana faida gani ya kuonekana? Ndiyo maana naona hili liwe lazima, lisiachwe kwa hiari.

Ndege bado iko Wilson, na karo imelipwa kwa mkopo wa chama. Jumamosi iliyopita nilimfundisha mzee kupiga picha za kurasa zilizobaki. Tulifika ukurasa wa kumi na mbili simu ikajaa, ikabidi tukae kwanza tukifuta video za harusi.