Kilwa twende, ila si Aprili

Kamati ya safari inataka twende Kilwa Aprili, bumu likiwa bado mfukoni. Kuna jamaa anataka hata tukodi gari lenye vitanda na jiko kama yale ya Wamarekani, tulale humo humo. Wazo tamu, sikatai. Ila Aprili ni masika, na njia ya kusini inakatiza bonde la Rufiji. Mei 2024 mafuriko yalikata barabara pale Somanga, magari yakakwama. Kitanda ndani ya gari hakijengi daraja, wandugu.

Mimi nasema twende Julai. Tukodi kosta, tubebe mahema. Kutoka Dar ni kama kilomita 300. Tukiondoka alfajiri, mchana tupo Kilwa Masoko. Boti ya Kisiwani tuipange kwa kufuata maji kujaa na kupwa, siyo ratiba ya mwenyekiti. Magofu yale, Urithi wa Dunia tangu 1981, hayakimbii. Mikoko nayo ipo.

Wanaosema Julai bumu litakuwa limekata wana hoja. Ndiyo maana tuchange buku mbili kila wiki, kuanzia Jumatatu hii. Tukishindwa hilo, basi tatizo letu halikuwa mvua.