Kipimo cha ultrasaundi katikati ya ujauzito: wasiwasi unatoka wapi, na ufanye nini nao

Mama, kama umeandikiwa kipimo cha ultrasaundi na tangu siku hiyo usingizi umepungua, makala haya ni yako. Ni ya mume, mama mkwe au dada anayekutunza pia, maana mara nyingine wao ndio wanaoogopa zaidi na wewe unabaki kuwatuliza.

Zamani si nyingi, hapa Tanzania mjamzito wa kijijini alipelekwa ultrasaundi pale tu mambo yalipoharibika. Mashine ilikuwa hospitali ya wilaya au ya mkoa, na aliyeitwa kwenda kupimwa alikuwa anatokwa damu, au mtoto hachezi, au tumbo limekuwa kubwa kuliko miezi yake. Majirani waliposikia "fulani kapelekwa kupigwa picha", walijua kuna jambo.

Sasa hali imebadilika. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito, hata asiye na tatizo lolote, apimwe ultrasaundi angalau mara moja kabla ya kufikisha wiki 24. Vituo vya afya vingi vilivyojengwa au kukarabatiwa tangu mwaka 2017 vimepata mashine, na kipimo kinazidi kuwa sehemu ya kliniki kama vile kupima damu na mkojo. Lakini kwenye vichwa vyetu maana yake imebaki ileile ya zamani. Mashine imefika, maelezo hayajafika. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya wasiwasi ninaouona kwenye benchi la kliniki inatoka hapo.

Kwa hiyo anza na swali moja, ukiwa bado mbele ya aliyekuandikia: "Nesi, umeniandikia kwa utaratibu wa kawaida, au kuna kitu umekiona?" Una haki ya kuuliza na una haki ya kujibiwa. Mara nyingi jibu ni utaratibu wa kawaida. Na kama kuna kitu, ni afadhali ukijue kwa jina kuliko kukaa wiki mbili ukikibuni mwenyewe usiku.

Hofu inapokuchelewesha

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa ni kama theluthi moja tu ya wajawazito nchini wanaoanza kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Sababu zake tunazijua: umbali, nauli, kazi za shamba, na ile desturi yetu kwamba mimba changa haitangazwi. Hofu ya kipimo inaongezea juu yake. Mama anapewa karatasi mwezi wa tano, anaikunja kwenye kadi, anakuja kupimwa mwezi wa nane.

Kuchelewa huko kuna gharama. Mtoto akiwa mdogo, watoto wote hukua kwa mwendo unaofanana, hivyo vipimo vya mwili wake vinasema umri wa mimba kwa usahihi. Kabla ya wiki ya 14 kosa huwa la siku chache, halizidi wiki moja kwa kawaida. Kwenye wiki ya 20 linaweza kufika siku kama kumi. Kwenye miezi mitatu ya mwisho linaweza kufika wiki tatu, mbele au nyuma. Sasa fikiria uchungu umeanza na hatujui kama mimba ina wiki 33 au 37. Uamuzi wa kukupa rufaa, wa kukupa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, au wa kusubiri, unategemea hesabu hiyo.

Wakati unaofaa kumwangalia mtoto viungo vyake ni kati ya wiki ya 18 na ya 22. Hapo kichwa, uti wa mgongo, moyo, tumbo, figo na miguu vinaonekana vizuri zaidi, na kama kuna jambo bado kuna muda wa kupanga.

Pesa nayo ni hofu, tusijifanye haipo. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma za wajawazito katika vituo vya umma ni bila malipo, lakini ultrasaundi ni moja ya huduma ambazo mama anaweza kuambiwa alipie. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023, na utekelezaji wa sheria kama hiyo haufiki kila dirisha kwa siku moja. Uliza bei mapema, siku unayoandikiwa, ili ujipange. Mtu anayefika akiwa na uhakika wa nauli na malipo ana hofu moja kidogo.

Chumba chenyewe

Katika hospitali nyingi ultrasaundi iko kwenye jengo moja na eksirei, na mlangoni kuna bango la kuonya kuhusu mionzi. Mama anasoma bango lile, anashika tumbo, na hakuna anayemwambia kitu. Ultrasaundi haina mionzi. Inatumia mawimbi ya sauti, ya juu mno kiasi kwamba sikio halisikii, yanayoingia mwilini na kurudi kama mwangwi, na mashine inayageuza kuwa picha. Wajawazito wamekuwa wakipimwa hivyo tangu miaka ya mwisho ya 1950, kazi iliyoanzia Glasgow, Uskoti. Bango linahusu chumba cha jirani.

Chumba kinakuwa na giza kidogo ili kioo kionekane vizuri. Utapakwa jeli tumboni, na ni ya baridi. Mpimaji atabonyeza kidogo, pengine akuombe ugeuke ubavu kwa sababu mtoto amekaa vibaya kwa picha. Kula kama kawaida kabla ya kwenda. Habari ya kujaza kibofu hutegemea mimba ina muda gani, kwa hiyo fuata ulichoambiwa pale unapopimiwa.

Halafu kuna ukimya. Wengi wananiambia hicho ndicho kilichowatisha kuliko vyote: mpimaji anatazama kioo, anabonyeza, hasemi. Mama anasoma uso wake kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Elewa kwamba ananyamaza kwa sababu anapima mfupa wa paja, anapima kichwa, anahesabu vyumba vinne vya moyo wa mtoto, na akikosea milimita chache umri unabadilika. Tena katika vituo vingi utaratibu ni kwamba majibu anakusomea daktari au muuguzi aliyekutuma, siyo yeye. Ukimya wa mpimaji si habari mbaya.

Hata hivyo siwatetei moja kwa moja wenzangu. Kusema "mama, nitanyamaza kwa dakika chache nikipima, usiogope" hakurefushi foleni. Asiposema, sema wewe unapopanda kitandani: "Nina wasiwasi, naomba ukimaliza uniambie moyo unadunda." Wengi watakujibu.

Karatasi ya Kiingereza

Unatoka na karatasi, na yote ni Kiingereza. Hapo ndipo jirani mwenye simu anageuka kuwa daktari. Nakupa machache ya kukusaidia njiani, siyo ya kuchukua nafasi ya nesi wako. GA ni umri wa mimba kwa wiki na siku. EDD ni tarehe ya matarajio. FHR ni mapigo ya moyo wa mtoto kwa dakika, na ya kawaida ni kati ya 110 na 160, kwa hiyo usishtuke kuona namba kubwa kuliko yako.

Mambo mawili hutisha sana kwenye wiki ya 20 na mara nyingi hayastahili. La kwanza ni kuandikwa kwamba mtoto ametanguliza matako. Kwenye umri huo bado ana nafasi ya kuogelea na kupinduka. Wengi hugeuka wenyewe kabla ya miezi ya mwisho. La pili ni kondo la nyuma kuwa chini, karibu na mlango wa kizazi. Kizazi kinavyotanuka kuelekea juu, kondo hupanda nacho, na kwa wanawake tisa hivi kati ya kumi tatizo huisha kabla ya kujifungua. Utaambiwa urudi kupimwa tena, kwa kawaida karibu na wiki ya 32. Rudi. Ukitokwa damu kabla ya hapo, hata kama haiumi, nenda kituoni saa hiyohiyo.

Wiki zinapoleta ugomvi

Hili halisemwi kwenye mabango, lakini limevunja nyumba. Mume alikuwa machimboni au safari ya lori. Amerudi, na tangu arudi zimepita wiki 18. Karatasi inasema mimba ina wiki 20. Anahesabu mara moja, anahesabu mara mbili, kisha ananyamaza au anaanza kufoka.

Wewe baba unayesoma, sikiliza. Umri wa mimba hauhesabiwi tangu siku mlipokutana. Duniani kote unahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo tarehe ambayo mwanamke anaweza kuikumbuka. Mimba hutunga kama wiki mbili baadaye. Kwa hiyo mimba ya wiki 20 kwenye karatasi ni mtoto aliyetungwa kama wiki 18 zilizopita. Ongeza lile kosa la siku kumi nililolitaja. Karatasi ile haikuandikwa kuthibitisha wala kukanusha uaminifu wa mtu, na ukiitumia hivyo unaitumia vibaya. Mama, kama unaliona hili linakuja, nendeni pamoja, mwombe nesi amweleze baba mwenyewe. Sisi tumezoea kazi hiyo.

Kama umewahi kupoteza mimba

Aliyewahi kuambiwa "mapigo hayaonekani" anarudi kwenye kitanda kilekile na mwili unakumbuka. Mikono inatetemeka, jasho linatoka, wengine wanashindwa kuingia. Usiambiwe kwamba huna imani. Mwambie nesi historia yako kabla ya siku ya kipimo, omba aiandike kwenye fomu, ili mpimaji akutafutie mapigo ya moyo kwanza kabla ya kupima kitu kingine. Omba mtu mmoja unayemwamini aingie nawe. Mtu huyo asiwe wa kukuhubiria. Awe wa kukushika mkono.

Usiku wa kuamkia kipimo, weka simu mbali. Picha za watoto wenye kasoro hazitakuambia chochote kuhusu wako. Hofu ikipanda kifuani, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe taratibu kwa mdomo ukihesabu hadi sita, rudia kwa dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza kasi ya moyo. Andika maswali yako matatu nyuma ya kadi ya kliniki, maana mbele ya daktari yanapotea. Na kama hofu imedumu zaidi ya wiki mbili, huli, hulali, unalia bila sababu, au umewaza kujidhuru, hiyo inahitaji matibabu kama malaria inavyohitaji. Tuambie. Kwa mawazo ya kujidhuru usingoje siku ya kliniki.

Kipimo hakimalizi kazi

Kuna utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Kongo, Zambia, Guatemala na Pakistani, matokeo yakatoka mwaka 2018. Vituo vya vijijini vilipewa mashine za ultrasaundi na wahudumu wakafundishwa kuzitumia. Vifo vya akina mama na watoto havikupungua ukilinganisha na maeneo yasiyopewa. Sishangai. Mashine inaona kondo lililoziba njia, lakini haipasui, haiongezi damu, wala haitoi gari la wagonjwa. Ndiyo maana ninawaambia akina mama: picha nzuri isikufanye uache kliniki, na picha yenye shaka isikufanye ukate tamaa. Shinikizo la damu linaweza kuanza mwezi mmoja baada ya kipimo kizuri. Vidonge vya kuongeza damu na vya kuzuia malaria vinaendelea.

Ukiambiwa kuna jambo halieleweki vizuri, uliza mambo manne kabla ya kuondoka: linaitwaje kwa Kiswahili, linamhusu mtoto au mimi, nirudi lini au niende wapi, na dalili gani ikitokea nisisubiri. Kama ni rufaa ya hospitali kubwa, chukua karatasi yenyewe, siyo picha ya kwenye simu tu. Kichwa chenye maji na mgongo wazi, kwa mfano, vina wataalamu wa upasuaji katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na mtoto aliyejulikana mapema hupangiwa mahali pa kuzaliwa.

Dalili za kutosubiri ni hizi, umepimwa au hujapimwa: damu ukeni, maji kutoka kabla ya wakati, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba, homa kali, degedege, au mtoto aliyekuwa anacheza kupunguza au kuacha. Nenda kituo cha karibu mara moja. Kama rufaa ya dharura inahitajika, usafiri wa mfumo wa M-mama unaombwa kwa namba 115, bila malipo. Iandike namba hiyo ukutani, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuisoma.