Mpango wa Kingo za Mto Usipite Bila Sisi

Waraka kwa wanachama wote wa jumuiya ya watumiaji maji, wa juu na wa chini, ng'ambo zote mbili za mto

Wazee wetu, akina mama, vijana, na ninyi nyote mnaotumia maji ya mto huu,

Mvua ya Machi iko mlangoni. Kabla haijaanza kunyesha, wataalamu watafika kutazama kingo za mto na miteremko inayouzunguka, ili wachore mpango wa kuzuia mafuriko, mmomonyoko na maporomoko ya ardhi. Nawaandikia kuwaomba mtoke. Mtoke mapema, mchoro ukiwa bado haujachorwa, mtembee na hao wataalamu kutoka mpaka wa msitu hadi darajani, mseme mnayoyajua, na mkatae kutia sahihi jambo ambalo hamjaliona kwa macho.

Najua wengi wenu mmechoshwa na mikutano. Mmeitwa barazani, mkaketi juani tangu saa tatu, mkasomewa kurasa za jambo lililokwisha kuamuliwa, mkapitishiwa karatasi ya mahudhurio, mkapewa soda na mkate, mkarudi nyumbani. Baadaye karatasi hiyo hiyo ya mahudhurio ikatolewa kuwa ushahidi kwamba wananchi walikubali. Naelewa kabisa anayesema afadhali akachume chai yake. Lakini tukikaa nyumbani, mpango utapita hivyo hivyo, na maji yatakapokuja yatatukuta sisi mashambani, si wale waliouandika.

Sheria iko upande wetu, nasi tuitumie bila woga. Katiba ya 2010, Kifungu cha 10, imeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kutunza mazingira. Kwangu mimi chenye manufaa zaidi ni Kifungu cha 35, kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali: mchoro, bajeti na mkataba wa mkandarasi ni mambo tunayoweza kuyadai kwa barua. Jumuiya kama yetu imetajwa waziwazi katika Sheria ya Maji ya 2016, kama ilivyokuwa katika ile ya 2002. Na kule Timau, watumiaji wa mto Ngusishi walikuwa wameungana hata kabla ya sheria hizo, kwa sababu wa juu walikuwa wakinywesha mashamba huku wa chini wakikaukiwa, ikabidi waketi wapangiane maji.

Sasa niwapeleke mahali pamoja mnapopajua. Juu kwenye mgongo wa kilima inapita barabara ya lami. Mtaro wake unakusanya maji ya kipande kirefu cha barabara, unayapitisha kwenye kalavati, kisha unayatupa juu ya mistari ya kahawa ya mwanachama mwenzetu. Palipokuwa na kijifereji cha kuruka kwa hatua moja, leo pana korongo ambalo mtu mzima akisimama ndani haonekani. Upande mmoja mizizi ya mibuni inaning'inia hewani. Mama mwenye shamba amejaribu magunia ya udongo, vigogo vya migomba, na mawe aliyoyabeba kwa mgongo wake mwenyewe, na kila Mei maji huvichukua vyote. Korongo lile halimo kwenye ramani ya barabara. Halimo kwenye ramani ya mto pia, maana liko mbali na ukingo. Ila tope lake lote huishia mtoni. Mtaalamu akishuka kwa gari hadi darajani, akapima ukingo, akapiga picha na kuondoka, atatuandikia ukuta wa mawe pale chini, na ukuta huo hautatufaa kitu ikiwa maji ya barabara hayajapewa njia yake huku juu. Huyo mama ndiye anayepaswa kutangulia mbele siku ya matembezi.

Yapo mengine ambayo vipimo vya siku moja haviwezi kuyaona. Mwezi wa Februari mto ni mwembamba na mpole. Mzee aliyekuwa hapa mwaka wa 1997, mwaka wa El Niño, anaweza kuonyesha kwa bakora yake jiwe ambalo maji yalilifikia. Mwenye shamba la bondeni anajua chemchemi inayobubujika Mei na kupotea Agosti. Ukuta wa saruji ukijengwa mbele ya chemchemi kama hiyo bila matundu ya kupitishia maji, utasukumwa kutoka nyuma hadi uanguke. Tena ukuta mgumu ukijengwa upande mmoja peke yake, mara nyingi nguvu ya maji huhamia ng'ambo ya pili. Ndiyo maana nimeandika kwamba waraka huu ni wa pande zote mbili. Nisingependa tuuokoe ukingo wa kulia kwa kuula ukingo wa kushoto, kisha tubaki majirani wasiosalimiana.

Na kuhusu matuta, tusikubali dawa moja kwa kila mteremko. Matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, yametusaidia sana kushikilia udongo. Lakini udongo wetu huu mwekundu ni wa kina kirefu, na panapokuwa wima sana, ukiyazuia maji yote yazame ndani, mteremko unalewa maji na huenda ukateleza wote kwa pamoja. Mahali pa namna hiyo panataka mfereji wa kuyakatiza maji na kuyapeleka mpaka mahali salama. Ninyi mnaoamkia hapo ndio mnaoziona dalili: ufa mpya unaopita katikati ya njia, mti uliosimama wima mwaka jana na sasa umeinama, mlango wa nyumba ulioanza kukwama, maji yanayotoka mahali ambapo hayakuwa yakitoka. Mtu wa Othaya au wa Mathioya hahitaji kuelezwa kilima kikishuka usiku huwa nini. Andikeni dalili hizo, hata kwenye daftari la mtoto la shule, mje nazo.

Watu wetu wanajua vizuri kazi ya udongo inavyokuwa ikiletwa kwa amri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Murang'a kuchimba matuta, na walioshika majembe zaidi walikuwa akina mama, wakisimamiwa na machifu, huku kazi za nyumbani na za shamba zikiwangoja. Aprili 1948, akina mama wapatao 2,500 walikwenda mpaka kwa mkuu wa wilaya (DC) mjini Fort Hall, ambao leo ni Murang'a, wakatangaza kwamba hawachimbi tena. Walikataa ingawa udongo ulikuwa wao na ulikuwa unaondoka kweli. Kule Machakos, akina mama wa mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana kazi, walichimba matuta kilima baada ya kilima katika miaka iliyofuata, na wakulima wengi wakachagua fanya juu badala ya matuta membamba waliyopendekezewa na maafisa, kwa kuwa waliona wenyewe lipi linabaki na lipi linasombwa. Nasi hapa nyumbani tulikuwa na Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika Tetu. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani alilolianzisha mwaka 1977 lilikuzwa na akina mama wa vijijini, waliootesha miche yao wenyewe na kuitunza waliyoipanda. Miti hiyo ilikuwa na mwenyewe wa kuilinda.

Naomba pia tuwakumbuke walio mbali chini yetu. Maji yetu huingia Gura, Gura ikaingia Sagana, nayo Sagana ikawa Tana. Udongo unaotoka kwenye lile korongo la kahawa unashuka hadi bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, na kila mwaka matope yanakula nafasi ya maji mle ndani. Nairobi hupata karibu maji yake yote kutoka sehemu hizi za juu za Tana, na ndiyo sababu ya kuanzishwa kwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu mwaka 2015, ambao umewasaidia wakulima wa Gura na Sagana, wa Maragua, na wa Thika na Chania kwa miche, majani ya kuzuia udongo na vidimbwi vya kukinga mvua. Mbele zaidi kuna Garissa, Hola, Garsen, hadi mto unapoingia baharini Kipini. Mwaka 2024 mvua ya Machi hadi Mei iliua karibu watu 300 nchini. Masinga ilifurika, na maji yakaikata barabara ya Garissa. Mai Mahiu, alfajiri ya Aprili 29, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na takataka kwenye njia iliyo chini ya reli huko Kijabe yalipasua kizuizi na kuwashukia watu wakiwa wamelala. Kalavati lililoziba ni jambo ambalo mchunga mbuzi yeyote aweza kuliona wiki nzima kabla ya msiba, ikiwa tu kuna mtu wa kumpigia simu, na mtu huyo akachukua hatua. Kwa hiyo mpango wetu usikose jina na nambari ya mtu huyo.

Katika kujipangia wenyewe, wenzetu wa pwani wametutangulia. Gazi na Makongeni, kaunti ya Kwale, wanavijiji wanailinda mikoko yao wenyewe kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013. Mikoko ile inapunguza nguvu ya mawimbi ufuoni, na fedha za mradi huo hutumika kwa maji na shule kama wanavijiji wenyewe wanavyoamua.

Nani aje? Kila mmoja, lakini wako ninaowaomba kwa msisitizo. Akina mama, maana hati za mashamba nyingi zina majina ya wanaume, na barazani wanaoulizwa ni wenye hati, hali anayeteka maji, anayekata majani ya ng'ombe ukingoni na kuvuka mto kila siku ni mama. Waliokodi mashamba, maana udongo wanaoulima unaondoka kama wa mwingine yeyote. Vijana wanaochimba mchanga na mawe mtoni, maana tukipanga bila wao tutakuwa tumewapangia vita. Na wenzetu wenye mikaratusi kandokando ya maji. Kwa hao naomba tuzungumze kwa heshima. Mti huo umelipa karo za watoto wengi. Tukubaliane muda wa kuuondoa mstari kwa mstari, na kitu cha kupanda mahali pake, iwe mianzi au miti ya asili, kabla mtu hajaja na amri na msumeno, akauacha ukingo ukiwa mtupu mvua ikianza.

Liko pia suala la ardhi yenyewe, nami sitalificha. Kanuni za maji zimetaka ukingo uachwe kuanzia mita 6 hadi mita 30, kutegemea upana wa mto. Kwa mwenye robo ekari, hata mita 6 ni chakula cha watoto. Anayechora mstari huo aje aupime mbele ya mwenye shamba, wakubaliane ni nini kitaruhusiwa pale, mathalani majani ya ng'ombe yanayokatwa bila kulimwa. Mstari uliochorwa kwa siri utang'olewa usiku.

Siku ya matembezi nitaitangaza kupitia kwa wazee wa vijiji, na haitakuwa siku ya soko wala ya kupeleka chai. Tutazungumza Kikuyu na Kiswahili, na mtaalamu atakayeandika kwa Kiingereza atusomee alichoandika kabla hajaondoka. Tutaanzia juu msituni saa moja na nusu asubuhi. Kila kijiji kitoe angalau wajumbe wanne, wawili kati yao wakiwa wanawake na mmoja kijana, na mzee mmoja anayekumbuka mafuriko ya zamani hata kama itabidi abebwe kwa pikipiki. Njooni na vigingi na panga, tutie alama mahali maji yalipofika, penye nyufa, penye chemchemi na penye kila kalavati linalotupa maji shambani. Hakuna atakayetia sahihi yoyote siku hiyo isipokuwa ya mahudhurio, na juu ya karatasi hiyo tutaandika kwa wino kwamba ni ya mahudhurio tu. Mchoro ukikamilika, nakala ibandikwe kiwandani, kwa chifu na makanisani kwa majuma mawili, ndipo tukutane tena kuukubali au kuurudisha. Na kabla ya kuukubali nitauliza, nanyi mniunge mkono: nani atazibua mifereji mwaka wa tatu, na kwa fedha zipi?

Majina ya wajumbe wa kila kijiji yanifikie kabla ya mwisho wa mwezi. Walio wagonjwa au wazee sana wasiweze kufika, nitumieni habari niwatembelee nyumbani nichukue maneno yao.

Wenu katika kazi ya mto,
Katibu