Taa ya bahari, umeme wa Lualaba

Wapo wanaoona kwamba kuwafundisha watoto wa Kamina habari za samaki taa ni kuwachosha bure. Bahari iko mbali, na pwani yote ya Kongo, kule Muanda, ni kilomita 40 hivi tu. Mimi nasema wafundishwe, tena kwa undani, ila somo lenyewe lisikomee baharini. Samaki taa ni mdogo, wengi hawafiki sentimita 15, na jamii yake ina aina zipatazo 250. Mchana hukaa mamia ya mita chini, usiku hupanda karibu na uso wa maji kutafuta chakula. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mitambo ya sauti ya wanamaji ilirudisha mwangwi kana kwamba sakafu ya bahari imepanda juu. Baadaye ikajulikana kuwa "sakafu" ile ni viumbe hai, samaki hawa wakiwemo. Mwilini samaki taa ana vidoa vinavyotoa mwanga wa buluu, uzao wa kemikali inayoungana na oksijeni. Vidoa vya tumboni humficha: adui aliye chini akitazama juu hatafuti samaki, hutafuta kivuli, na taa zile hukifuta. Vya ubavuni hupangwa tofauti kwa kila aina, hata dume na jike wa aina nyingi hawafanani, na inaaminika kwamba ndivyo wanavyotambuana gizani.

Kutambuana gizani si shida ya bahari peke yake. Maziwa yetu ya bonde la Lualaba, Upemba na Kisale, yana kina cha mita chache, yamejaa tope na mafunjo, na mwanga hauendi mbali. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya taa za mwilini kuwa adimu mno katika maji baridi; mfano unaotajwa sana ni konokono mdogo wa New Zealand. Huku kwetu domodomo na ndugu zake, jamii isiyopatikana nje ya Afrika, ambayo mtaalamu wa samaki Max Poll aliieleza alipochapisha kazi yake juu ya samaki wa Upemba mwaka 1976, walifuata njia nyingine. Sehemu ya misuli ya mkia imegeuka kiungo cha umeme. Si umeme wa kambare yule anayetia ganzi mkono wa mvuvi. Huu ni dhaifu, mtu hausikii. Lakini mpigo wa aina moja si wa aina nyingine, na ngozi ya samaki husoma jinsi mpigo wake unavyopindwa na jiwe, jani au jirani. Ulimwengu wa sayansi ulichelewa kuujua umeme dhaifu wa namna hii: Hans Lissmann wa Cambridge aliutangaza mwaka 1951, kwa samaki mwingine wa Afrika aliye ndugu yao.

Nitaambiwa mlinganisho huu ni wa kulazimisha, kwa kuwa mwanga ni kemia na umeme ni misuli. Ni kweli, na utamu wa somo uko hapohapo: shida moja, maji mawili, viungo visivyo na udugu wowote. Mwanafunzi anayemjua samaki taa peke yake atadhani maajabu hutoka ng'ambo. Anayemjua domodomo peke yake atamla na bukari bila kuuliza kitu. Pingamizi zito zaidi ni la umaskini, maana shule isiyo na darubini itafanyaje utafiti wa umeme? Ila hapa darubini haihitajiki. Nyaya mbili ndani ya beseni, kikuza sauti kidogo na spika, mpigo husikika: tik, tik, tik. Kinachohitajika ni samaki aliye hai, na hapo Kamina ina kasoro yake, kwani samaki wengi huingia sokoni wakiwa wamebanikwa, kiungo chao kimekwisha nyamaza. Basi darasa lipande gari moshi hadi Bukama, liwahi beseni la mvuvi kabla ya moto.