Kiluwiluwi Anaposusa Chakula

Mfugaji hangoji ng'ombe afe ndipo ajue kuwa ni mgonjwa. Humtambua siku ile anaposusa majani. Ni maoni yetu kwamba somo la uchafuzi wa maji lingefaa kuanzia hapo.

Mara nyingi mwanafunzi hukaririshwa kwamba sumu huua viumbe wa majini. Hata katika maabara, kipimo cha kawaida huhesabu dafnia, jamaa wadogo wa kamba, walioshindwa kuogelea baada ya saa 48. Lakini viumbe hao aghalabu hupunguza kula mapema zaidi, tena kwa sumu iliyo hafifu. Kifo ni habari iliyochelewa.

Hapa Mzumbe mfano u karibu. Mito ya Mzinga na Ngerengere hushuka kutoka Milima ya Uluguru na kuingia Bwawa la Mindu, ambalo maji yake hutumiwa na mji wa Morogoro. Katika mabonde hayo hulimwa mboga, na dawa za wadudu hunyunyizwa. Mwalimu na achote maji juu ya bustani na chini yake, ayaache yatuame. Katika kila chombo atie viluwiluwi 20 wa mbu, wa ukubwa mmoja, na unga laini wa mkaa kwa kiasi kilekile. Kiluwiluwi huchuja chembe kwa kinywa, na ngozi yake hupenyeza mwanga. Baada ya nusu saa, kioo cha kukuzia kitaonyesha ni wangapi wenye utumbo mweusi.

Tofauti ikionekana, darasa lisikimbilie kutaja sumu. Tope au ubaridi pia huweza kupunguza ulaji, jaribio lirudiwe. Wala wanafunzi wasidhani kwamba maji yanayomshibisha kiluwiluwi ni salama kunywa, kwani vijidudu vya kipindupindu havipimwi hivi. Vyombo vifunikwe kwa kitambaa, na mwishoni maji yamwagwe penye ardhi kavu, tusije tukafundisha usalama wa maji huku tukifuga malaria.

Watatokea wa kusema kwamba hiki si kipimo cha maabara. Twakubali. Lakini mtoto aliyeona kwa macho yake atauliza ni nani aoshaye bomba la dawa mtoni, na huenda akawa ni baba yake. Mwalimu asimfanye mtoto mshitaki wa mzazi wake. Amwalike mzazi darasani, ashike kioo, naye atazame.