Wazee wa Taarabu Waachwe Waseme

Ni nyumba chache hapa Unguja ambazo hazikupata kusikia taarabu redioni. Tangu Sauti ya Unguja ilipoanza kutangaza mwaka 1951, nyimbo zimeingia majumbani mwetu bila ya kubisha hodi. Lakini aghalabu mwimbaji tumemjua kwa sauti tu. Kazi yake na maisha yake hatuyajui. Rai yangu ni kuwa redio ziwape wanamuziki, hasa wazee, nafasi ya kutosha ya kuzungumza, na mazungumzo hayo yahifadhiwe.

Tazameni habari ya Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, akauza vyungu, akahamia mjini, na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurikodi sahani za santuri. Sahani zile zimetuwekea uimbaji wake. Lakini mengi ya maisha yake yangalipotea kama Shaaban Robert asingalikutana naye, muda mfupi kabla ya kufa kwake mwaka 1950, akamwuliza, kisha akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Mtu mmoja aliuliza, na vizazi vikapata jawabu.

Sasa mtazameni Bi Kidude, yaani Fatma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Jina lake lilienea duniani, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Hata hivyo mwaka aliozaliwa haujulikani kwa yakini. Filamu juu ya maisha yake iliyotoka mwaka 2006 iliongozwa na Mwingereza, Andy Jones. Namshukuru mgeni huyo, lakini je, ni lazima mgeni avuke bahari ndipo mzee wetu aulizwe habari zake?

Tena kuuliza kuna namna yake. Jioni moja muhula huu tulikuwa dahalia tukisikiliza redio. Mzee mmoja mpiga ganuni alianza kueleza jinsi alivyofundishwa kulinganisha nyuzi zake, ambazo ni zaidi ya 70, kabla ya kuruhusiwa kupiga hata wimbo mmoja. Sote tulinyamaza. Mara mtangazaji akamkata, akamwuliza ana wake wangapi, kisha akasoma salamu za wasikilizaji. Salamu zile hakuna dahalia anayezikumbuka. Swali la nyuzi bado tunaulizana.

Wako wazazi watakaosema, "Mwanafunzi na taarabu wapi na wapi? Na asome vitabu vyake." Nawaheshimu, na kweli mtihani wa Kidato cha Nne haumngoji mtu. Lakini mazungumzo si ngoma. Ndani yake mna historia ya mji wetu, mna Kiswahili fasaha, na mna mafunzo ya kazi: nani alimfundisha, alilipwa nini, maneno ya wimbo yalitungwa na nani, na kwa sababu gani. Klabu ya Ikhwani Safaa iliasisiwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Habari za miaka yote hiyo hazimo ndani ya nyimbo peke yake. Zimo vichwani mwa watu, na watu hawadumu. Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

Kwa hiyo nawaomba watangazaji wamwache mzee amalize neno lake. Nawaomba wenye redio wayaweke mazungumzo hayo mahali ambapo mwanafunzi ataweza kuyasikiliza. Nasi wanafunzi, tukirudi makwetu likizo hii, tusiingoje redio. Mwenye jirani mpiga udi au fidla na amwendee, amwamkie kwa adabu, na amwombe amsimulie. Walimu wetu wa Historia na Kiswahili watusaidie kupanga maswali, na majibu yachapwe katika gazeti hili muhula ujao.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne