Saa ya Saiklotroni na Barabara ya Segera

Mgonjwa wa saratani anayetoka Pangani au Muheza akiambiwa kwamba atapelekwa Dar es Salaam kupimwa kwa PET, swali lake la kwanza huwa ni nauli, na la pili ni kama mionzi itamdhuru. Liko swali la tatu ambalo huulizwa na wachache: dawa atakayodungwa kabla ya picha hutengenezwaje, na kwa nini isiletwe Bombo ndani ya boksi la baridi kama zinavyoletwa chanjo? Anayepata jibu la swali hilo huyaelewa vizuri zaidi yale mawili ya mwanzo.

Dawa hiyo huzaliwa ndani ya saiklotroni, yaani mtambo wa kuzipa kasi chembe zenye chaji. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, iliupata mtambo wa namna hiyo mwaka 2018. Kwa upande wa Tanzania, kituo cha saiklotroni kimejengwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kabla ya hapo, mwenye uwezo alikwenda India, na asiye na uwezo alikaa bila kipimo.

Wahudumu wengi wa afya wakiulizwa hujibu kwamba ni mashine yenye sumaku kubwa inayozirusha chembe kwa nguvu. Jibu hilo lina kosa, na kosa lenyewe si dogo. Mgonjwa mwenye chuma mguuni huichanganya sumaku hiyo na ile ya MRI, akakikataa kipimo bure. Ukweli ni kwamba mgonjwa haikaribii saiklotroni hata siku moja, na mashine ya PET inayompiga picha haifanyi kazi kwa sumaku. Tena, hata ndani ya saiklotroni yenyewe, si sumaku inayoongeza kasi.

Watu wa pwani hawana haja ya hesabu ngumu ili kulielewa jambo hili. Jahazi husukumwa na upepo unaolijaza tanga, na hugeuzwa na usukani. Nahodha anaweza kuuzungusha usukani kutwa nzima, lakini pasipo upepo chombo hakiendi. Katika saiklotroni umeme ndio upepo, na sumaku ndiyo usukani. Ndani yake mna vyumba viwili vya metali vyenye uwazi, kila kimoja kikiwa na umbo la nusu sahani, vinavyotazamana na kuachiwa mwanya mwembamba katikati. Chembe inapovuka mwanya hupigwa msukumo wa umeme. Ikiingia chumbani, upepo hutulia. Sumaku huipinda njia yake hadi irudi mwanyani kutoka upande wa pili. Wakati huo mwelekeo wa umeme umekwisha kugeuzwa, na chembe hupata tena upepo wa nyuma. Bila sumaku ingekwenda moja kwa moja na kupotea, mithili ya jahazi lililokatika usukani likitoka ghuba ya Tanga kuelekea bahari ya Pemba.

Uzuri wa mtambo huu uko katika jambo ambalo Ernest Lawrence wa Berkeley, Marekani, alilitumia mwanzoni mwa miaka ya 1930, na likachangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 1939. Kadiri chembe inavyopata kasi ndivyo duara lake linavyopanuka, na njia hurefuka kwa kiasi kile kile kasi ilivyoongezeka. Kwa hiyo kila mzunguko huchukua muda ule ule, na umeme unaweza kugeuzwa kwa mpigo mmoja usiobadilika, mamilioni ya mara kwa sekunde. Kasi ikizidi mno, ulinganifu huo huanza kuvurugika, lakini katika mashine za hospitali tofauti ni ndogo na hurekebishwa kwa namna sumaku ilivyoundwa. Msukumo mmoja ni hafifu. Ikirundikana, chembe hutoka ukingoni ikiwa na kasi inayoweza kupita kilomita 50,000 kwa sekunde.

Chembe hizo huelekezwa kwenye maji yenye oksijeni ya aina nzito zaidi, na oksijeni hiyo hugeuka kuwa florini yenye mionzi. Florini huunganishwa na sukari, kwa sababu saratani nyingi hula sukari kwa pupa kuliko tishu za kawaida, hivyo picha huonyesha zilipojificha. Hapo ndipo saa inapoanza kuhesabu. Kila baada ya dakika 110, nusu ya florini hiyo huwa imetoweka.

Barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ina takribani kilomita 350. Dozi ikipakiwa kwenye gari na kusafiri saa sita, itakayofika Bombo ni karibu sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana mgonjwa huifuata dawa. Wapo wanaodai kwamba kila mkoa upewe saiklotroni yake. Dai hilo lina huruma ndani yake, lakini si sahihi. Mtambo mmoja unaweza kuhudumia mashine kadhaa za picha, na dozi iliyopelekwa kwa ndege ikafika Tanga ndani ya saa mbili ingebakiwa na karibu nusu ya nguvu yake. Aidha, wanawake wengi wenye saratani ya shingo ya kizazi huhitaji kwanza kinyama kikatwe na kupimwa mapema, na majibu yasichelewe. Mkoa wenye fedha ya jambo moja na uanze na hilo.

Kwa wale wanaokihitaji kipimo kwa kweli, kasoro kubwa iko njiani. Mgonjwa hutakiwa kukaa saa zipatazo sita bila chakula, akinywa maji tu, ili sukari ya mlo isishindane na sukari ya dawa. Anayeondoka Tanga alfajiri hupita Muheza, ambako machungwa huuzwa hadi dirishani mwa basi, kisha Segera, ambako abiria hushuka kunywa chai. Kumwandikia "asile" pasipo sababu ni kumkabidhi kwa wachuuzi. Na akifika ameshiba, dozi haiwezi kuwekwa hadi kesho.

Kwa hiyo barua ya rufaa kutoka Tanga inapaswa kutaja saa ya mlo wa mwisho, kipimo cha sukari ya damu, na kwa mwenye kisukari, maelekezo ya dawa zake yaliyokubaliwa na kituo kinachompokea. Inapaswa pia kumtaka mgonjwa afike jioni ya siku iliyotangulia, na arudi kesho yake. Baada ya saa 24 mionzi iliyobaki mwilini ni chini ya sehemu moja kati ya 8,000, na mjamzito atakayeketi naye kwenye basi la Tanga hana cha kuhofia. Usiku huo wa pili huonekana kuwa anasa katika bajeti za rufaa, na mara nyingi ndio wa kwanza kukatwa. Malazi ya siku mbili na yaingizwe katika gharama ya kipimo chenyewe, badala ya kuachiwa ndugu wa mgonjwa.